Mita Kumi na Moja

Ugomvi kuhusu Maundu Kilonzi ulikuwa na siku yake, Jumamosi, na saa yake, kuanzia saa nane mchana, wateja wenye redio mbovu wakishapungua katika duka la Wesley Ndunda nyuma ya soko la Machakos. Wesley alitengeneza redio na kuuza kanda. Mwaka huo wa 2000 stima ilikuwa ya mgao, kwa hiyo alichezesha muziki kwa betri ya gari iliyokaa chini ya meza, na aliyetaka wimbo urudiwe aliambiwa aje na betri yake.

Maundu alikuwa mtunzi wa roki, mzaliwa wa Kathiani aliyevuma Nairobi. Alilitia gitaa la umeme mkwaruzo ambao wazee waliufananisha na bati linaloburutwa kwenye changarawe, na juu ya mkwaruzo huo akaimba Kikamba cha nyumbani, taratibu, kama mtu anayesimulia msiba wa jirani. Waliompenda walisema hakuna mwingine aliyejua kulifanya gitaa lilie bila kulifanya liombe huruma. Waliomkataa walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza walisema ni makelele tu; hao hawakumsumbua mtu, wimbo ulipoanza waliondoka. Wa pili walikuwa wagumu zaidi, maana walizijua nyimbo zake zote bila kukosa neno, nao walisema si zake.

Chanzo kilikuwa jibu moja fupi. Mwaka 1983 gazeti lilimuuliza Maundu nyimbo zake anazipata wapi, akajibu: "Nyingine nimezitunga, nyingine zimenikuta." Hakueleza zaidi, siku ile wala baadaye. Kundi moja likaona hapo unyenyekevu, la pili likaona ungamo la mwizi, na kwa miaka kumi na saba pande zote mbili zilinukuu maneno yale yale manne.

Walichogombania hasa ni "Jina Lile", wimbo uliomfanya awe Maundu. Mwimbaji anawaomba watu wamwite tena jina walilompa, kwa sababu tangu waliache hajui akiitwa aitike vipi. Hakuna zaidi ya hapo kwa dakika saba, isipokuwa gitaa. Wengine waliusikia kama wimbo wa mpenzi aliyeachwa, wengine wa mkubwa aliyefutwa kazi. Walevi wa Kithimani waliudai kuwa wao.

"Wimbo huu ni wa mwanamke," alisema Nzisa Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Alifundisha muziki katika shule ya msingi, naye ndiye aliyeongoza upande wa wizi. "Sikilizeni mahali anavuta pumzi. Mtu amekaa na gitaa hapumui hapo. Hapo anapumua mtu anainua jembe."

"Mwalimu, leo tumefika kwa mapafu," Wesley alisema bila kuinua macho kwenye waya aliokuwa akiuunganisha. "Wiki jana ilikuwa tu ni maneno."

"Uko na ushahidi?" aliuliza Munyao.

Watu walicheka, kwa kuwa walikuwa wakilingojea swali hilo. Munyao alikuwa na miaka sitini na sita. Alistaafu kama afisa wa kuhifadhi udongo, na maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kwenye miteremko ya Kathiani akipima matuta yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, yanayoitwa fanya juu. Wakambandika jina hilo, Mzee Fanya Juu, naye alilikubali kwa kuwa lilikuwa sahihi. Alimpenda Maundu jinsi alivyopenda kila kitu, kwa tarehe. Alijua kila santuri ilitoka mwezi gani na nani alipiga ngoma. Mwaka 1991 aliandika barua gazetini kumtetea, ikachapishwa nzima, na kipande hicho cha gazeti kilikuwa kimebandikwa ukutani sebuleni kwake.

"Santuri imeandikwa mtunzi M. Kilonzi, 1981," alimwambia Nzisa. "Hiyo ni karatasi. Wewe uko na pumzi."

"Karatasi huandikwa na mwenye kalamu, mzee wangu."

"Basi leta ya kwako. Nitaisoma."

Siku hiyo kulikuwa na jambo jipya. Mutinda, karani wa kampuni moja ya mabasi na shabiki mkubwa kuliko wote, alitangaza kwamba mashabiki wa Machakos watamtuza Maundu mwezi wa kumi na moja, katika ukumbi mjini. Atapewa kigoda cha kuchonga na kipaza sauti kipya. Kutakuwa na kijitabu, na ndani yake historia ya "Jina Lile".

"Hiyo utaandika wewe, Mzee Fanya Juu," Mutinda alisema. "Uanzie mwanzo kabisa. Siku uliposikia Maundu akipiga mara ya kwanza, ilikuwa wapi, nani alikuwepo. Tuwafunge midomo hawa watu wa pumzi."

Munyao alikubali. Alikumbuka kwamba Maundu alikuwa akirudi kwa mamake Kathiani miaka ya sabini, na kwamba yeye mwenyewe alipita boma lile mara nyingi kikazi. Tarehe zitakuwa kwenye daftari zake. Hakuwahi kutupa hata moja.

Nyumbani alimkuta mkewe Kasiva ameketi barazani, akichambua maharagwe kwenye ungo. Kitambaa cheupe kilikuwa shingoni mwake, kikifunika tundu alilopumulia. Mwaka uliopita, huko Nairobi, walimtoa koromeo kwa ajili ya saratani, na tangu hapo alizungumza kwa penseli na daftari la shule alilolining'iniza kwa kamba kiunoni. Hakuandika mengi. Maandishi ya mwezi mzima yalitosha kurasa nne, na zaidi yalikuwa majina ya dawa na maagizo ya kuku. Mwezi wa saba daktari alimwambia Munyao kwamba ugonjwa umerudi, na umeshuka kifuani. Munyao aliuliza miezi mingapi. Daktari alisema mitatu, labda minne. Munyao alimshukuru kwa kutaja hesabu.

"Mama Wayua," alimwambia sasa, "wamenipa kazi ya kuandika historia ya 'Jina Lile'."

Kasiva alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye maharagwe.

Hapo Munyao alikumbuka kitu, ingawa hakukitaka. Mwaka 1986, walipopata kinanda cha kwanza cha santuri, aliucheza wimbo ule jioni moja kabla ya kula. Kasiva alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni hadi ukaisha, akasema: "Wimbo huo ni wangu." Munyao alimuuliza ana ushahidi gani. Hakumuuliza kwa ubaya. Aliwauliza hivyo wakulima, wanafunzi, na mchungaji. Kasiva akasema, "Ulikuwepo." Munyao akajibu kwamba kama angekuwepo asingesahau. Mkewe akarudi jikoni, na kwa miaka kumi na minne iliyofuata, huku mumewe akimtetea Maundu mbele ya wageni, akiwasomea barua iliyobandikwa ukutani, yeye aliwawekea chai na hakulitaja tena jambo lile.

Sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda cha chumba cha wageni. Jumatatu asubuhi alilivuta, akapanga daftari sakafuni kwa miaka. Zilikuwa thelathini na moja. Zile za 1976 hadi 1978 zilikuwa nene kuliko nyingine, naye alijua sababu. Wakati ule matuta yalichimbwa na mwethya, vikundi vya wanawake waliosaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule, nao walichimba wakiimba. Wakubwa wake waliona kuimba ni kupoteza muda. Munyao akaamua kulipima jambo hilo. Aliketi kando ya shamba na saa, akaandika kila wimbo uliimbwa dakika ngapi, na katika dakika hizo kikundi kilichimba mita ngapi za mtaro. Jedwali lilikuwa na safu nne: wimbo, dakika, mita, maoni. Alithibitisha kwamba wanawake wanaoimba huchimba zaidi ya vibarua wanaolipwa. Ripoti ilisifiwa, akapandishwa cheo.

Alitafuta boma la Maundu. Alilipata katika daftari la 1977, Ijumaa tarehe 14 Oktoba. *Shamba la mama yake Kilonzi. Wanawake 34. Mwana wa nyumba amekuja kutoka Nairobi, ana gitaa.* Alifurahi. Hiyo ndiyo tarehe aliyotumwa kuitafuta. Akateremsha kidole kwenye jedwali.

Wimbo wa kwanza, dakika 15, mita 6. Wa pili, dakika 20, mita 7. Wa tatu aliupigia mstari chini, mara mbili, kwa kalamu nyekundu.

*"Niiteni tena Mama Ndinda." Kiongozi: Kasiva. Dakika 22. Mita 11.*

Na katika safu ya maoni, kwa mwandiko wake uliolala kidogo kulia: *Wimbo wa polepole, lakini wanachimba kwa nguvu kuliko siku zote. Sababu haijulikani.*

Munyao alikaa sakafuni. Alisoma mstari ule kama alivyosoma kila kitu, kwanza tarehe. Ndinda alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alikufa kwa surua tarehe 3 Septemba 1977, akiwa na miezi saba. Kutoka tarehe 3 Septemba hadi 14 Oktoba ni siku arobaini na moja.

Kijijini mwao mwanamke akishazaa jina lake huwekwa kando. Huitwa mama wa fulani, na hiyo ni heshima yake hadi kaburini. Mtoto alipokufa, majirani walimwonea huruma wakalimeza jina lile. Kisimani, kanisani, sokoni, wakarudi kumwita Kasiva, kama msichana ambaye hajawahi kuzaa. Walifanya kwa wema. Munyao naye alifanya hivyo. Wayua alipozaliwa mwaka 1979 wote walishusha pumzi, wakapata jina la kumwita mama yake, na la kwanza halikutamkwa tena.

Nyimbo za mwethya zilijaa majina ya watu siku zote. Waliimba mume wa huyu mvivu, mbuzi wa yule mwizi. Ndiyo maana jina lile halikumshtua Munyao siku ile. Aliandika jina la bintiye aliyekufa kwa mkono wake, akaangalia saa, akaenda kupima mtaro.

Hakulia. Alizikagua daftari nyingine, maana mstari mmoja unaweza kuwa kosa. Akaupata wimbo huo huo tarehe 21 Oktoba na tarehe 4 Novemba, kiongozi yule yule. Baada ya hapo haukuonekana. Mvua ilikuwa imeshuka, watu wakaenda kupanda.

Mchana alimpelekea Kasiva daftari la tarehe 14, limefunguliwa. Kasiva alisoma polepole, kwa kuwa miwani yake ilikuwa na ufa. Kidole chake kilipita kwenye jina, kikapita kwenye dakika, kikasimama kwenye mita, kikakaa hapo. Kisha alifungua daftari lake la kamba, akaandika neno moja, akamgeuzia.

*Ulihesabu.*

"Nilihesabu," Munyao alisema.

Alingoja aandike zaidi. Kasiva alichukua ungo, akapepeta makapi, akaendelea.

"Utataka nifanye nini?" Munyao aliuliza. "Niwaambie?"

Kasiva aliinua bega moja. Lingeweza kuwa ndiyo, lingeweza kuwa shauri yako, na Munyao hakuwa na namna ya kulipima.

Jumamosi alibeba daftari tatu zenye wimbo ule hadi dukani kwa Wesley. Alingoja wimbo uliokuwa ukicheza uishe. Kisha akasimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya pale, akasoma. Alisoma tarehe, shamba, idadi ya wanawake, mwana wa nyumba na gitaa lake, jina la wimbo, jina la kiongozi. Maoni pia aliyasoma. Alieleza Ndinda alikuwa nani. Alitumia dakika nne hivi.

Wesley aliweka chini kifaa cha kuchomea waya.

Mutinda ndiye aliyesema kwanza. "Mzee wangu, pole kwa mtoto. Kweli, pole. Lakini daftari ni lako, mwandiko ni wako, na bibi ni wako. Sasa uko na ushahidi gani?"

"Wanawake thelathini na wanne."

"Wako wapi?"

Munyao alikuwa tayari amewatafuta. Ishirini na mmoja walikwisha kufa. Mama yake Maundu alikuwa miongoni mwao. Saba walihamia Yatta, huko Katangi, na hakuwapata. Watano waliobaki, mbali na Kasiva, aliwauliza; wawili walikumbuka wimbo, na wote wawili walidhani waliusikia redioni.

"Unaona?" Mutinda alisema, bila ushindi. "Na hata kama ni kweli, Maundu alivunja nini? Mwethya haina mwenye wimbo. Mnaimba, mnachimba, mnaenda nyumbani. Wimbo unabaki hapo shambani kama majani. Yeye akauokota kwa shamba ya mamake. Si alisema zinamkuta? Kama si yeye, wimbo wa bibi yako ungekufa na ile mvua. Leo unaimbwa mpaka Mombasa."

"Bila jina," Munyao alisema.

"Gani?"

"La mtoto. Alilitoa, akaweka 'jina lile'."

"Hapo ndipo wimbo uliingia kila mtu," Mutinda alisema. "Ndiyo utunzi huo."

Munyao alifikiri. Alitafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona. Kila kilichosemwa kilikuwa kweli, na bado mwanamke aliyekuwa barazani Kathiani na tundu shingoni alikuwa mahali pale pale alipokuwa asubuhi.

Nzisa, ambaye kwa miaka kumi alikuwa akidai ushindi ambao sasa aliletewa mkononi, hakuuchukua. Aliuliza tu: "Na yeye anasema nini?"

"Hasemi," Munyao alijibu. "Walimtoa koromeo."

Nzisa aliinamisha kichwa. "Hujawahi kutuambia."

"Hamkuuliza."

Wesley alizima redio ili kuokoa betri, akasema ni mapema lakini atafunga. Mlangoni alimshika Munyao mkono kwa muda mrefu kuliko desturi. "Watampa kigoda tu, Baba Wayua," alisema. "Kimeshachongwa."

"Najua. Mwambie Mutinda atafute mtu mwingine wa historia."

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu ya kilima. Kasiva alikuwa amelazwa barazani kwenye mkeka, mto chini ya mgongo, kwani kulala chali kulimzuia kupumua. Hakuwa na ungo. Wayua alikuwa amekuja kutoka kiwandani Athi River na alikuwa jikoni akikoroga uji. Munyao aliingia sebuleni kwanza. Aliibandua barua yake ukutani, ikachanika kona, na rangi chini yake ilikuwa mpya kuliko ya ukuta mzima. Akatoka, akaketi sakafuni kando ya mkeka.

Alitaka kumpa taarifa ya dukani kwa mpangilio, nani alisema nini. Alifungua mdomo, akaona haina kazi.

"Mama Ndinda," alisema.

Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria. Wayua hakuwahi kulisikia jina hilo likitamkwa na baba yake.

Kasiva hakugeuka. Alikuwa akitazama mteremko wa ng'ambo, ambako matuta ya 1977 yalikuwa bado yamesimama, mistari ya kijani kibichi katika ukavu wa mwaka ule. Mkono wake ulipapasa kamba, ukapata daftari, ukapata penseli. Aliandika bila kutazama, herufi zikapanda juu ya mstari.

*Tena.*

Akamwita tena. Daftari likabaki limefunguliwa juu ya kifua chake, penseli juu ya neno lile, na kila Munyao aliponyamaza kidole cha Kasiva kiligonga ukurasa. Akaendelea kumwita. Wayua alileta uji, akauweka chini, akakaa naye pia. Uji ukapoa. Mwisho kidole kilitulia, na kifua kikaendelea kupanda na kushuka. Alikuwa amelala tu. Alibakiwa na wiki tisa za kuishi.

Alimwita mara ngapi jioni ile, Munyao baadaye hakuweza kusema. Hakuwa amehesabu.